Mwanamke Anayezima Viberiti

Jalada la marehemu lilifungwa kabla jeneza lake halijafungwa. Mkuu wa kituo alilipiga muhuri akiwa amesimama, simu sikioni, akasema, "Mlevi kaingia korongoni na gari lake. Tupeleleze nini hapo? Tulihoji korongo?" Wadogo wakacheka. Mkubwa akichekesha, hucheka hata mwenye jino bovu.

Mpelelezi mmoja hakucheka. Wenzake walimwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake, na kwa ajili ya shingo yake pia, maana kila aliposikia jambo lisilomwingia akilini aliirudisha ndani ya kola taratibu. Siku hiyo shingo ilipotea kabisa.

Aliyeipoteza ni mama wa marehemu. Aliingia kituoni asubuhi, akakaa kwenye benchi la washitakiwa kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha jingine, akamwambia Kobe maneno machache tu.

"Nimemwosha mwanangu kwa mikono hii. Gauni lake jeupe lilikuwa limelowa mvinyo mwekundu hadi ndani, ni kweli. Lakini kinywa chake kilikuwa safi. Meno meupe, ulimi safi. Umewahi kumwona mlevi wa mvinyo mwekundu mwenye ulimi wa mtoto mchanga?"

"Sijawahi, mama."

"Na magotini alikuwa na chokaa. Imemwingia kwenye ngozi iliyochubuka, nikaisugua haitoki. Nimekwenda kule korongoni. Kuna matope na mawe meusi. Nimesimama pale nikamwita jina lake, mwanangu, na nakwambia hakuwepo. Mtu hafii mahali halafu mama yake asimsikie. Nataka kujua alifia wapi. Sitaki jingine."

Kobe alikuwa amefiwa na mkewe. Naye aliwahi kusimama mbele ya meza kubwa akiuliza habari za maiti ya mkewe, akajibiwa kwamba karatasi zimekaa sawa. Akachukua kofia.

Ndivyo walivyojikuta barabarani watatu: Kobe mbele, mama nyuma, na kwenye usukani Koplo, mwanamke wa makamo, mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, aliyeendesha gari la polisi kama anayerudisha ng'ombe zizini.

"Afande, leo sisi ni polisi au watalii?" akauliza.

"Watalii."

"Basi ningevaa miwani ya jua."

Hakukosea sana. Kazi ya marehemu ilikuwa kuonja barabara. Kampuni moja ya safari ilimtuma atafute mashamba ya mizabibu yanayotengeneza mvinyo wao wenyewe, yale ambayo msafiri mwenye gari lake anaweza kusimama, akaonja, akabeba chupa, akaendelea na safari bila kujuta. Siku aliyokufa alipita barabara hii hii ya vilima, na kila alipotoka shamba moja alimpigia mama yake. La kwanza, alisema, ni zuri na watu wake wakarimu. La pili hata kwa dawa hatarudi. Anakwenda la tatu, huko juu. Baada ya hapo simu ililia bila kupokelewa. Mkuu wa kituo alipoambiwa hayo alisema mama wa marehemu si shahidi.

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Mizabibu ilisimama safu kwa safu kwenye nyaya zake, mikono imenyooshwa, kama watu wengi waliopangwa mstari wakasahauliwa.

Shamba la kwanza lilikuwa la mtu na mkewe. Uwanja umefagiwa, sakafu ya kukamulia imeoshwa, nyuki wanazunguka makapi. Mke akatoka mbio na sinia, akaweka glasi mezani. Glasi nne.

"Tuko watatu, dada," Koplo akasema.

"Nimewaona wanne mkishuka. Huyo mwenye gauni jeupe kaelekea chooni? Choo kiko upande huu, asije akaingia kwa mbwa."

Koplo alitazama gari. Milango yote ilikuwa imefungwa, na vioo vimeota mvuke kwa ndani. Mama akanyoosha kidole, akaisogeza glasi ya nne karibu na yake.

"Iache," akasema. "Imiminie na hiyo."

Mke wa shamba akaelewa anazungumza na mama wa nani. Akajikalia chini, sinia kifuani. Kobe akamwacha apumue, kisha akaanza kazi.

"Alikunywa kiasi gani hapa?"

"Hakunywa! Alinusa, akaweka kinywani, akasukutua kama anayepiga mswaki, akatema kwenye ndoo. Nikamwambia, dada, unatema jasho la mume wangu hivyo? Akacheka. Akasema, nikimeza mashamba yote haya, nitamsifia bosi wangu ukuta nitakaougonga."

"Kila glasi alitema?"

"Kila glasi, na maji juu yake. Akauliza kama tuna ghala la chini ya ardhi. Alisema wasafiri wanapenda kushuka waone mvinyo ulikolala. Sisi hatuna, mvinyo wetu unalala stoo na majembe. Akasema hata hivyo tunafaa."

Mama alikuwa ameishika glasi yake bila kuinywa. Walipoondoka, ile ya nne ilibaki mezani imejaa, na mke wa shamba hakuthubutu kuigusa.

Shamba la pili lilikuwa la mzee mmoja mwembamba ambaye majirani walimwita Siki. Aliwapokea getini, akabaki getini.

"Simjui," akasema kabla hajaulizwa.

"Humjui nani?" Kobe akauliza.

"Huyo mnayemuulizia."

"Sijamuulizia mtu. Nimekuja kuonja mvinyo."

Mzee akameza mate. "Polisi hawaonji. Polisi wanabeba."

"Alisema nini kuhusu mvinyo wako?"

"Nani kakwambia alisema kitu?"

"Hao wanaokuita Siki."

Hapo mzee akalipuka kama kizibo. "Alisema unafaa kusafishia madirisha! Mbele ya wanangu! Mti huu aliupanda baba yangu, nami nimeuinamia mpaka mgongo umekataa kurudi. Anakuja mtu na viatu vya mjini, anatema kwenye ndoo yangu, ananiambia madirisha! Nikammwagia."

"Ukammwagia nini?"

"Ndoo."

"Ndoo gani?"

"Hiyo ya kutemea. Yote. Kifuani."

Koplo alikuwa ameshazifikia pingu. Mzee akaziona, akarudi nyuma, mikono juu. "Ndiyo mambo haya sasa! Lakini aliondoka hapa kwa miguu yake, nawaapia. Alisimama pale ulipo wewe mama, akakamua gauni lake, akanitazama, akasema, 'Babu, hata ukinimwagia, bado ni siki.'"

Sauti ikatoka kwa mama ambayo wote waliidhania kilio. Ilikuwa ni kicheko, kifupi, cha kwanza tangu asubuhi.

"Huyo ndiye mwanangu," akasema. "Hasa huyo."

"Tumchukue, afande?" Koplo akanong'ona.

"Wa nini? Mtu anayeficha mauaji hakuletei ushahidi kwenye sahani." Kobe akahesabu kwa sauti, kama kawaida yake alipotaka kujisikia mwenyewe. "Mkuu ana kitu kimoja tu mkononi, harufu ya mvinyo. Sasa tunajua ilitoka kwenye ndoo, haikutoka tumboni. Aliyeendesha kutoka hapa alikuwa amelowa, hakuwa amelewa. Mzee, alielekea wapi?"

"Huko juu kwa wakubwa. Aliwapigia akiwa hapa hapa, wakamwambia njoo, tunakungoja."

Walipoingia garini simu ya Kobe ikalia. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Kobe, uko wapi?"

"Barabarani, afande."

"Barabara ipi?"

"Yenye kona."

"Geuza. Hilo jalada nimelifunga mimi."

"Ndiyo, afande. Nitageuza nikipata pa kugeuzia."

Koplo akaonyesha kwa kidevu uwanja mpana kando ya barabara, ungetosha mechi ya mpira na watazamaji wake. "Hapa je?"

"Pembamba."

Koplo akakanyaga mafuta. Baada ya kona mbili akasema bila kumtazama, "Unajua shamba la juu ni la nani?"

"La shemeji yake Mkuu."

"Basi nimeuliza tu, ili siku tukifukuzwa usiseme hukuambiwa."

Shamba la juu lilikuwa limepakwa chokaa kila mahali ambapo brashi ilifika. Kuta, vigogo vya miti, hata mawe ya pembeni mwa njia. Mama alishuka, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. Akakionyesha tu kwa Kobe, cheupe.

Msimu wa kuvuna ulikuwa umeanza, kreti za zabibu zimepangwa uani, lakini wabebaji walikuwa wamekaa juu yake, mikono mapajani. Kobe akakaa nao. Akaomba moto, akapewa laita, akaichezea.

"Mbona hambebi?"

Wakatazamana. Mmoja, jitu la mabega mapana, akajibu akiwa ameangalia chini. "Hatushuki tena ghalani. Kuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Anayezima viberiti. Ukisimama ukawasha sigara, inawaka. Ukichutama uwashe huko chini, anapuliza. Puu. Upepo hakuna hata wa kutikisa unyoya. Na ananong'ona, afande. Hana maneno. Kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi anayesali."

"Wengine wanasema ni yule wa korongoni," mwenzake akaongeza.

"Uongo," akasema yule wa mabega mapana. "Huyu alikuwepo. Mimi alinizimia moto kabla yule hajafa. Tangu zabibu za mwanzo zilipoanza kuchacha, alikuwepo."

"Basi si yeye," Koplo akasema, akijitahidi kucheka.

"Au huyu wa kwanza alikuwa anamngoja mwenzake."

Kicheko cha Koplo kikafia njiani. Shingo ya Kobe ikaanza kurudi ndani.

"Zamani mlikuwa mnashuka na nini?"

"Na mshumaa, tunaubeba chini chini, usawa wa goti. Ndivyo tulivyokuta wazee wakifanya. Bosi akaupiga marufuku. Alisema masizi yanachafua dari na wageni wataona ushamba. Akatia globu za umeme."

Kobe akainua macho. Juu ya mlango wa ghala kulikuwa na feni kubwa ya kutolea hewa, mapanga yake yamefungwa kwa utando wa buibui.

"Na hiyo?"

"Ilikufa msimu uliopita. Itatengenezwa wageni wakizidi."

Mjomba wake Kobe alichimba visima maisha yake yote, na hakuwahi kuingia shimoni kabla ya kuteremsha taa kwa kamba. Taa ikirudi imezimika, siku hiyo kazi hakuna, hata tajiri aruke. Mvinyo unapochacha hutoa pumzi yake, na pumzi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hujaa kama maji yasiyoonekana. Moto hauishi ndani yake. Wala mtu. Kobe alisimama, akapangusa suruali, akaelekea mlangoni kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kumwona nao.

Mwenye shamba alikuwa amekwisha kutoka. Mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shemeji kaniambia mngepita," akasema. "Karibuni. Lakini niseme mapema, huyo dada hakufika hapa. Tulimngoja sana."

"Mlimngoja wapi?"

"Hapa barazani."

"Ghala lako lina sifa. Tunaomba kuliona."

"Limefungwa. Usafi."

"Wabebaji wanasema lina mzimu."

"Watu wasiosoma, afande."

"Hata mimi sikusoma sana. Fungua nitishike."

Mtu hawezi kukataa mlangoni kwake mbele ya vibarua wake ishirini wanaomkodolea macho. Akafungua. Ngazi za mawe zilizopakwa chokaa ziliteremka moja kwa moja, na globu ziliwaka kila baada ya hatua, mpaka chini kabisa, ambako matangi ya mbao yalisimama kwenye mwanga mweupe usio na kivuli. Palikuwa pazuri. Palikuwa mahali ambapo msafiri angepiga picha. Na palinong'ona. Sauti ilipanda kutoka matangini, ya mapovu mengi madogo yakifunguka na kujifunga, na ingawa Kobe alijua ni mvinyo, nywele za shingo zilimsimama, maana kila sauti ilipokaribia kuwa neno ilinyamaza.

Akakunja gazeti, akaliwasha, akashuka. Ngazi za juu, moto ukacheza. Akashuka tena. Akainama, akauteremsha usawa wa goti.

Puu.

Hata moshi haukupanda. Ulitandaa ukalala kama ulio juu ya maji. Kobe alikuwa ameinama sana. Kifua kikamkaza, masikio yakapiga kengele, akapanda kwa mikono na miguu mpaka ngazi ya juu, akaegemea ukuta. Alipotazama suruali yake, ilikuwa na chokaa magotini.

"Umeona?" akasema akihema. "Mshumaa unamwonya mtu. Globu haizimiki, bwana. Inakuangazia mpaka unakufa. Alishuka hapa. Aliinama kutazama kitu."

"Hakufika." Sauti ya mwenye shamba ilikuwa tambarare. "Sijui unaongea nini. Hakuna kitu huko chini. Hata shemeji ameandika. Hakufika."

Na ingeweza kuishia hapo. Mdomo wake dhidi ya goti la maiti iliyokwisha kuzikwa, na muhuri wa Mkuu juu. Kobe alilijua hilo, na mwenye shamba alijua kwamba Kobe anajua.

Mama ndiye aliyevua viatu. Akaviweka pembeni ya mlango, sambamba, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Akampita Kobe pale alipoegemea.

"Kama hakuna kitu," akasema, "nitamtafuta mwenyewe."

Ngazi moja. Ya pili. Kobe akanyoosha mkono, mkono ukashika hewa, miguu bado haikuwa yake. "Mama!" Koplo akapiga kelele kutoka nje, akisukumana na vibarua mlangoni. Mama akaendelea kushuka wima, uso umetulia, akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mezani. Chini yale matangi yakanyamaza. Wabebaji wote wataapa hivyo mpaka leo, kwamba yalinyamaza.

"Usishuke!" Mwenye shamba aliruka ngazi, shati likachanika begani, akamkumbatia mama kiunoni kwa nyuma. "Mama, usishuke! Usishuke, nakuomba! Hata yeye nilimwambia—"

Akakata. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na hakuna mlango wa kulirudishia. Akamvuta mama juu, ngazi kwa ngazi, analia waziwazi, mpaka wakafika usawa wa Kobe.

"Ulimwambia nini?" mama akauliza.

"Nilimwambia anisubiri hapa juu. Simu iliita, nikatoka kidogo tu. Nilirudi nikamwona kutoka mlangoni. Nilibana pumzi nikamtoa, mama, nilimtoa mimi mwenyewe, nilimpulizia, nilimpiga kifua. Alikuwa amekwisha kwenda."

"Ukampigia shemeji yako," Kobe akasema.

"Nilitaka kumpigia daktari."

"Ukampigia shemeji yako."

"Alisema wakaguzi watalifunga shamba na mimi ndani yake. Alikuja. Akamnusa gauni. Akasema..." Mwenye shamba akafunika uso. "Akasema, 'Ananukia tayari. Kazi nusu imeshafanywa.'"

Koplo, mwenye ulimi mwepesi, alikuwa ameshika pingu bila kujua azifanyie nini. Simu ya Kobe ilianza kulia tena mfukoni, akaiacha ilie. Hayo ya Mkuu yangekuwa na siku yake, na siku hiyo isingekuwa nyepesi. Wakubwa hawamshiki mtu kiunoni wakalia.

Mama akakaa kwenye ngazi ya juu, pale hewa ilipokuwa ya kuvutika. Akagusa nafasi iliyo kando yake.

"Kaa."

Mwenye shamba akamtazama Kobe. Kobe hakumsaidia. Akakaa, bega kwa bega na mama, wote wawili wakitazama chini kwenye mwanga ule mweupe.

"Nionyeshe."

Akanyoosha kidole. Hapakuwa mbali, ngazi chache tu chini ya miguu yao. Mtu mrefu angeweza karibu kupafikia kwa mkono.

Mama alipatazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

"Ulipomkuta, alikuwa ameelekea wapi?"

"Huku, mama," akasema. "Kwa magoti. Alikuwa anarudi."